Mtoto Wangu Yuko Wapi?
Historia ya fundisho la kanisa juu ya watoto wadogo, hatia na uzima wa milele

Masomo ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 1:34-39, 2 Samweli 12:15-23, Marko 9:14-29, Marko 10:13-16.



Kuna swali ambalo wachungaji wa Kalemie wanalijua vizuri. Haliulizwi kanisani mbele ya watu. Linaulizwa kwenye kilio, siku ya pili au ya tatu, wakati wageni wamepungua na wamama wengine wameenda kuteka maji. Mama aliyefiwa anauliza kwa sauti ndogo: "Baba Mchungaji, mtoto wangu yuko wapi?" Kolera, malaria na surua zimewachukua watoto wengi wa mji huu na wa vijiji vya kando ya ziwa. Swali hili ni la majirani zetu na ni letu sisi wenyewe.

Kuna swali la pili, nalo linahusu mtoto aliye hai. Analetwa akishikwa mkono na shangazi au mke wa baba. Wanaomleta wanasema: tangu mtoto huyu aingie nyumbani, kazi imepotea, mdogo wake amekufa, biashara imeanguka. "Pasta, tuangalizie. Si huyu ndiye mchawi?"

Watu wengi wanafikiri haya ni maswali mawili tofauti. Historia ya kanisa inaonyesha kwamba ni swali moja lenye midomo miwili: mtoto mdogo ana hatia gani mbele za Mungu? Jibu tunalolitoa kaburini ndilo linalopaswa kutuongoza pia katika chumba cha maombi. Somo la leo linafuata njia ambayo swali hilo limepita, tangu Maandiko, kupitia Afrika ya Kaskazini na Ulaya, hadi ufuo wa Tanganyika.

Maandiko yanaanzia wapi

Israeli walipokataa kuingia Kanaani, Mungu aliwaambia watu wazima kwamba hawataiona nchi ile, isipokuwa Kalebu na Yoshua. Lakini wale wadogo, ambao wazazi wao walisema watakuwa mateka, wale ambao siku hiyo hawakujua mema wala mabaya, hao ndio wangeingia. Habari hii iko katika Kumbukumbu la Torati 1. Katika Hesabu 14 hukumu inawahesabu walio na umri wa miaka 20 na zaidi. Isaya 7 inazungumza juu ya mtoto ambaye bado hajafikia kujua kukataa mabaya na kuchagua mema. Na kitabu cha Yona kinaishia na Mungu mwenyewe akiuhurumia mji wa Ninawi kwa sababu ndani yake wamo watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto. Wengi wameelewa kwamba hao ni watoto.

Kisha kuna Daudi. Mtoto wake aliugua, naye akafunga na kulala chini. Mtoto alipokufa, Daudi aliinuka, akaoga, akaabudu, akala. Watumishi wake walishangaa. Akawaambia kwamba yeye atamwendea mtoto, lakini mtoto hatarudi kwake. Biblia haimtaji mtoto yule hata jina. Hata hivyo baba yake alikuwa na tumaini la kukutana naye.

Lakini tusisome upande mmoja tu. Zaburi 51 inasema juu ya mtu kuzaliwa katika uovu. Warumi 5 inasema dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, na mauti ikawafikia wote. Watoto wachanga nao wanakufa. Basi mtoto ni wa uzao wa Adamu, na tena ni mtu asiyejua mema na mabaya. Historia yote inayofuata ni jitihada ya kanisa kushika nyuzi hizi mbili bila kuukata mmoja.

Waafrika watatu

Watu wa kwanza kulichunguza swali hili kwa kina hawakuwa Wazungu wa Roma peke yao. Watatu kati ya wakubwa wao walikuwa Waafrika, watu wa nchi ambazo leo ni Tunisia na Algeria.

Wa kwanza ni Tertuliano wa Carthage. Karibu na mwaka 200 aliandika kitabu juu ya ubatizo, akashauri watoto wadogo wacheleweshwe. Aliuliza kwa nini umri usio na hatia ukimbizwe kwenye ondoleo la dhambi. Waje wakishakua, wakishafundishwa, wakijua wanakokwenda.

Wa pili ni Sipriano, askofu wa Carthage. Karibu na mwaka 253 askofu mwenzake alitaka kujua kama ubatizo wa mtoto ungoje siku ya nane, kama ilivyokuwa tohara. Sipriano na maaskofu 66 waliokutana naye walijibu kwamba hakuna sababu ya kungoja. Neno lao moja linafaa kukumbukwa na kila mmoja wetu: walisema mtoto mchanga hajatenda dhambi yake mwenyewe, na kinachoondolewa kwake ni kile alichokirithi kutoka kwa Adamu. Hata hao waliotaka kumbatiza upesi hawakumwita mtoto mtenda maovu.

Wa tatu ni Augustino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354 na kuwa askofu wa Hippo. Katika siku zake alitokea mwalimu aitwaye Pelagio, aliyefundisha kwamba mwanadamu anazaliwa katika hali ileile ya Adamu kabla ya kuanguka, na kwamba anaweza kutenda mema kwa nguvu zake. Augustino aliona hatari kubwa: kama ni hivyo, msalaba ni wa nini? Akapigana na fundisho hilo kwa miaka mingi, na mwaka 418 mkutano wa maaskofu wa Afrika huko Carthage ukalikataa. Katika vita hivyo Augustino alifika mahali pagumu. Alisema mtoto anayekufa bila ubatizo hawezi kuingia katika ufalme wa Mungu, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote.

Augustino hakulisema neno hili kwa moyo mkavu. Alikuwa baba aliyefiwa: mwana wake Adeodatus, aliyebatizwa pamoja naye mwaka 387, alifariki akiwa bado kijana. Na mwaka 415 alimwandikia Jerome barua akikiri kwamba akifika kwenye swali la adhabu ya watoto wachanga anabanwa sana, haoni la kujibu. Mtu mwenye akili kuliko wote wa wakati wake alisimama mbele ya kaburi dogo, akakosa maneno.

Pindo la nguo

Wakristo wa Ulaya hawakuweza kulibeba neno la Augustino kama lilivyo. Katika karne za kati walimu walilipunguza uzito. Walisema watoto waliokufa bila ubatizo wako mahali panapoitwa limbo, neno la Kilatini lenye maana ya pindo, kama pindo la nguo. Katika karne ya 13, Thoma wa Akwino alifundisha kwamba watoto walioko huko hawaumii wala hawahuzuniki, ila hawauoni uso wa Mungu.

Lakini mama hawezi kufarijiwa na pindo. Ndiyo maana wakunga walifundishwa kubatiza kwa haraka mtoto aliyezaliwa akiwa dhaifu. Upendo na hofu vilitembea pamoja.

Wakati huohuo kanisa lilijua kwamba uwajibikaji una umri. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza kila Mkristo aungame dhambi zake walau mara moja kwa mwaka, lakini baada tu ya kufikia miaka ya utambuzi. Mwaka 1910 Papa Pio wa Kumi alisema umri huo wa kutambua ni kama miaka saba hivi. Tazama jambo hili: kaburini mtoto alihesabiwa hatia ya Adamu, lakini kwenye maungamo hakuhesabiwa kosa lolote mpaka ajue analolitenda.

Majirani zetu Wakatoliki wenyewe walilirudia suala hilo. Mwezi wa nne mwaka 2007, tume ya wanateolojia wa Roma, kwa idhini ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ilitoa maandishi yanayosema kwamba kuna sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto wanaokufa bila ubatizo. Yalieleza pia kwamba limbo haikuwahi kuwa fundisho la lazima. Kwa hiyo kama jirani yako Mkatoliki bado analia kwa hofu hiyo ya zamani, usimcheke wala usibishane naye. Mwambie kwamba hata kwao mlango wa tumaini umefunguliwa.

Maji ya Zurich

Mwezi wa kwanza mwaka 1525, katika mji wa Zurich nchini Uswisi, watu wachache walikusanyika nyumbani na kubatizana wakiwa watu wazima. Walisema ubatizo ni wa mtu aliyesikia, akatubu, akaamini. Serikali ya mji iliwachukia kwa ajili hiyo. Mmoja wao, Felix Manz, alitoswa mtoni akafa mwezi wa kwanza mwaka 1527. Aliuawa kwa maji kwa sababu ya neno juu ya maji.

Watu hawa waliulizwa tena na tena: kama hamwabatizi watoto wenu, wakifa wanakwenda wapi? Jibu lao lilikuwa kwamba watoto wako mikononi mwa Kristo, aliyesema ufalme ni wa walio kama hao. Damu yake inawafunika mpaka siku ya kujua mema na mabaya. Jibu hili lilipokelewa baadaye na Wabaptisti wengi, na kutoka huko likaja mpaka kwa Wapentekoste. Kila mara mchungaji wetu anapomchukua mtoto mchanga mikononi, akamwombea na kumrudisha kwa mama bila kumtia maji, anasimama juu ya jibu hilo.

Habari inafika ziwani kwetu

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1879 wamisionari wa London Missionary Society, Waprotestanti wa Uingereza, walifungua kituo Mtowa, kaskazini kidogo mwa mahali ulipo mji wa Kalemie leo. Mtowa ilikuwa bandari ya misafara iliyotoka Manyema ikivuka kwenda Ujiji, na katika misafara hiyo walikuwamo watoto waliofungwa kama mali.

Mwaka 1883 ofisa Mbelgiji Emile Storms alijenga boma huko Mpala, kusini mwa Kalemie. Mwaka 1885 boma hilo lilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, katika wakati wa njaa iliyoacha mayatima wengi Algeria. Lavigerie huyohuyo alifanywa pia askofu mkuu wa Carthage mwaka 1884. Hivyo watu waliofika Mpala walitumwa kutoka nchi ileile ya Sipriano na Augustino.

Mapadri hao waliwakomboa watoto wa utumwa, wakawalea katika vijiji vya misioni. Kwa mtu mzima mwenye afya sheria ya Lavigerie ilikuwa ngumu: afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Lakini aliyekuwa katika hatari ya kufa hakungojeshwa. Mtoto anayezimia kwa homa aliweza kubatizwa na padri, au na katekista, au na Mkristo yeyote aliyekuwa karibu. Magonjwa yalikuwa mengi, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu wengi sana katika pande za ziwa hili. Waliokimbia usiku kutoka kijiji hadi kijiji wakiwa na chupa ya maji waliamini wanapigania uzima wa milele wa mtoto. Tunaweza kutokubaliana nao juu ya ubatizo na bado tukaheshimu miguu yao. Katika nchi hiyohiyo ya Marungu alizaliwa Stefano Kaoze, ambaye mwaka 1917 alikuwa Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi kupewa upadri.

Mwaka 1915 yalitokea mambo mawili. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani, katika mji uliokuwa ukiitwa Albertville. Na mwaka huohuo William Burton na James Salter, Wapentekoste kutoka Uingereza, walifika Mwanza katika nchi ya Waluba, wakaanza kazi iliyojulikana kama Congo Evangelistic Mission. Kutoka mwaka 1921 Wapentekoste wa Sweden walifanya kazi upande wa Kivu. Fundisho la pande zote mbili lilikuwa moja juu ya jambo hili: toba kwanza, kisha ubatizo wa maji mengi. Watoto waliletwa mbele za Bwana kama Hana alivyomleta Samweli na kama wazazi walivyowaleta wadogo kwa Yesu katika Marko 10.

Kwa mama wa ziwani hii ilikuwa habari njema ya kweli. Mtoto aliyekufa alfajiri kabla mtu hajafika na maji hakupotea. Hakuokolewa kwa sababu ni safi kama malaika. Yeye pia ni wa uzao wa Adamu na anahitaji Mwokozi. Lakini kile alichokirithi bila kujua, Kristo alikibeba akijua. Hili ndilo jibu la kanisa letu kwenye kilio, na tulitoe bila kigugumizi.

Umri gani basi? Wengine wanataja miaka 12, kwa sababu Yesu alionekana hekaluni akiwa na umri huo. Wengine wanataja saba. Maandiko hayakutupa hesabu ya kila mtoto. Yanatupa kipimo: kujua mema na mabaya, kukataa na kuchagua. Kipimo hicho hukua polepole. Kwa hiyo tusimnyime mtoto wa miaka sita Neno la Mungu tukisema bado hajafikia umri, wala tusimhukumu kama mtu wa miaka arobaini.

Hatia inayorudi kwa mlango wa nyuma

Hapa historia inaanza kutuuma. Kabla Injili haijafika, wazee wetu wengi waliogopa aina fulani za watoto. Aliyeota meno ya juu kwanza alionekana analeta vifo. Watu wa pwani ya bahari walimwita kigego. David Livingstone, aliyefika kwa Kazembe mwaka 1867, alisikia kwamba mtoto wa namna hiyo huko aliuawa. Mtoto hakuwa ametenda lolote. Kosa lake lilikuwa meno.

Injili ililivunja jambo hilo. Watoto walioogopwa waliishi, wakasoma, wakaoa, wakazaa. Lakini kuanzia miaka ya 1990, mishahara ilipokauka, vita vilipoingia na mayatima walipozidi, hofu ile ilirudi ikiwa imevaa nguo nyingine. Zamani lawama ya uchawi iliwaangukia zaidi wazee. Sasa ilianza kuwaangukia watoto, kwanza Kinshasa na Mbuji-Mayi, kisha katika miji mingine. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2006 ilieleza namna watoto walivyofukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo, na namna baadhi yao walivyofungiwa katika makanisa, wakanyimwa chakula na kupigwa hadi wakiri. Tukiangalia ni nani wanaoshtakiwa, tunawakuta yatima, mtoto wa kambo, mwenye kifafa, mwenye kilema, anayekojoa kitandani, mkaidi, na hata mwenye akili kupita wenzake. Meno ya juu yamebadilishwa jina tu.

Wapendwa, tuliangalie jambo hili bila kuzunguka. Mtu anayesema mtoto wa miaka mitano hawezi kubatizwa kwa sababu hajui mema na mabaya, hawezi kusema usiku huohuo kwamba mtoto yuleyule amekula nafsi ya mjomba wake kwa kukusudia. Kama hana hatia ya kutosha kumpeleka kwenye maji ya toba, ameipata wapi hatia ya kumpeleka barabarani? Augustino mwenyewe, aliyesema neno zito kuliko wote, alimhesabia mtoto dhambi ya Adamu peke yake. Hakumhesabia vifo vya nyumba nzima. Sisi tunaojivunia kwamba fundisho letu juu ya watoto lina huruma, tusije tukawa na vyumba vyenye ukatili ambao hata limbo haikuujua.

Mwingine atasema: lakini mapepo yapo, na Biblia inamtaja mtoto mwenye pepo. Ni kweli, na sisi Wapentekoste hatulifichi. Basi tusome Marko 9 polepole. Yesu hakumhoji mtoto. Alimwuliza baba ni tangu lini. Baba akajibu, tangu utoto. Yesu alimkemea pepo; mtoto hakumkemea. Hakumfungia, hakumnyima chakula, hakumpiga, hakuomba fedha. Wanafunzi waliposhindwa, alichowadai ni maombi yao wenyewe. Kisha akamshika mtoto mkono, akamwinua, na Luka 9 inaongeza kwamba akamrudisha kwa baba yake. Huduma ya kufunguliwa ambayo mwisho wake mtoto harudi nyumbani haikujifunza kwa Yesu.

Serikali nayo imesema. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya kulinda mtoto inaweka adhabu ya kifungo kwa anayefanya hivyo, na mchungaji hakuachwa nje.

Mtoto aliyeshika silaha

Bado kuna watoto ambao kweli mikono yao imefanya mabaya. Nchi hii iliwajua kadogo wa vita vya 1996 na 1997. Hapa Tanganyika, katika mapigano ya Watwa na Waluba yaliyochacha mwaka 2016 na 2017, vijiji vilichomwa, watu walijaa kambi zilizozunguka Kalemie, na miongoni mwa waliobeba mishale na mapanga walikuwamo watoto. Baadhi yao leo ni vijana wanaokaa kwenye viti vya nyuma vya makanisa yetu.

Sheria ileile ya 2009 inasema mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi kubeba hatia ya jinai hata kidogo. Kati ya 14 na 18 anapelekwa kwenye mahakama ya watoto. Mwezi wa tatu mwaka 2012, mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimkuta Thomas Lubanga na hatia kwa sababu ya kuingiza katika jeshi, huko Ituri, watoto wa chini ya miaka 15. Aliyehukumiwa ni mtu mzima aliyewatia bunduki mikononi. Mathayo 18 ilitangulia kusema hivyo: jiwe la kusagia linafungwa shingoni mwa yule anayewakosesha wadogo.

Lakini kijana huyo mwenyewe mara nyingi hataki kuambiwa tu kwamba hakuwa na kosa. Anaona nyuso usiku. Kumwambia "ulikuwa mtoto, sahau" hakumponyi, na kumwita muuaji kunammaliza. Hapa nyuzi mbili za Maandiko zinakutana: mzigo ni mkubwa kuliko umri wake, na Mwokozi anaubeba. Mpe nafasi ya kusema, ya kulia, ya kuomba rehema kwa yale anayoyajua, na umtenge na yale ambayo wakubwa walimtwika.

Tufanye nini

Kwanza, kwenye kilio tuseme wazi. Tusimwambie mama kwamba mtoto amekufa kwa sababu ya dhambi yake au kukosa imani. Tumwambie lile ambalo Daudi aliliamini.

Pili, siku ya kubariki watoto isiwe sherehe ya nguo mpya tu. Kanisa lote linaahidi kumlinda mtoto yule. Ahadi hiyo inaendelea akifiwa na wazazi na kuhamia kwa shangazi.

Tatu, mtoto akiletwa kwa lawama ya uchawi, mchungaji amwulize mkubwa maswali ambayo Yesu angeuliza: tangu lini, nani alikufa, nani amepoteza kazi, mtoto huyu anakula nini, analala wapi. Mgonjwa apelekwe hospitali. Mwenye njaa apewe chakula. Na maombi yafanyike mchana, mlango ukiwa wazi.

Mungu alipowatazama watu wa Ninawi hakuuliza kwanza wameabudu nini. Aliwahesabu wale wasiojua kulia na kushoto, akasema huruma yake ina sababu. Kanisa la Kalemie nalo liwahesabu.

Kwa vikundi vya maombi vya wiki hii: Katika mtaa wenu kuna mtoto gani anayesemwa vibaya, na nani atamtembelea? Kuna mama gani aliyefiwa ambaye hajapata mtu wa kukaa naye? Ombeni kwa majina, kisha mwende.

Bwana awabariki na kuwalinda ninyi na watoto wenu.